Viputo vikizingua kwenye riakta: dalili, chanzo na pa kuanzia

Riakta (tangi la kufanyia riaksheni za kikemia) inayopitisha gesi kwenye kimiminika ikianza kuzingua, mkono wa kwanza wa karibu kila opereta unaenda kwenye valvu ya gesi. Uzalishaji umeshuka? Fungulia. Riaksheni imelala? Fungulia tena. Na mara nyingi hapo ndo mambo yanaharibika zaidi, maana gesi kuwa nyingi ndani ya tangi ni jambo moja na gesi kuyeyuka kwenye kimiminika ni jambo lingine kabisa, katikati yao kuna kiputo na kiputo kina tabia zake.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote nenda kapime gesi inayotoka juu. Tuchukue hewa kama mfano. Hewa inaingia na oksijeni asilimia 20.9, sasa juu inatoka na ngapi? Ikitoka na asilimia 2 au 3 maana yake viputo vimefanya kazi yote na gesi yenyewe ndo haitoshi, hapo ndo kuongeza hewa kuna maana. Ikitoka na 19 au 20 basi oksijeni inapita tu na kuondoka zake, sasa pima iliyoyeyuka ndani ya kimiminika. Kama iliyoyeyuka ni kidogo sana na juu inatoka nyingi, shida ni viputo: ukubwa wao, njia yao, au ngozi yao. Kama iliyoyeyuka nayo ni nyingi, acha viputo kabisa, tafuta katalisti (kichocheo cha riaksheni) iliyokufa au joto lililoshuka, viputo hawana kesi. (Kumbuka maji ya nyuzi 25 yanabeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni kwa lita yakiguswa na hewa ya presha ya kawaida, kwa hiyo usitegemee namba kubwa, na kimiminika kingine kina kiwango chake.)

Ukishajua uko upande gani ndo uje kwenye dalili.

Gesi imeongezwa, kazi haijaongezeka

Hii ndo inasumbua wengi, hasa wenye kolamu ya viputo, yaani tangi refu la wima lisilo na impela (kile kisukumio cha visu kinachozungusha kimiminika), gesi inaingia chini na kupanda yenyewe. Gesi ikiwa kidogo viputo vinapanda kwa utulivu, saizi zinakaribiana, milimita 2 hadi 6 hivi kwenye maji, kila kimoja na kasi ya sentimita 20 hadi 25 kwa sekunde. Hapo kila ukiongeza gesi viputo vinaongezeka idadi na kazi inaongezeka, safi. Lakini kwa hewa na maji ukifika sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde (hapa nazungumzia ujazo wa gesi wa kila sekunde ukigawa kwa eneo la kolamu, sio kasi ya kiputo chenyewe) viputo vinaanza kuungana, yanatokea mabonge ya sentimita kadhaa yanayopita katikati kama basi lisilosimama vituoni, na kimiminika kinapanda katikati na kushuka pembeni kwa nguvu. Watafiti Davies na Taylor walishaonyesha mwaka 1950 kwamba kasi ya kiputo kikubwa inaenda na kipeuo cha pili cha ukubwa wake, ukipiga hesabu bonge la sentimita 5 likiwa peke yake linapanda karibu nusu mita kwa sekunde, na likiwa kwenye msafara wa wenzake katikati ya kolamu linapita hata mita moja kwa sekunde. Halina muda wa kugawa chochote.

Na eneo la kugusana ndo linauma zaidi. Eneo kwa kila mita ya ujazo ni 6 mara sehemu ya gesi gawanya kwa kipenyo cha kiputo. Gesi ikiwa asilimia 20 na viputo vya milimita 5 unapata mita za mraba 240 kwa kila mita ya ujazo. Viputo vikiwa milimita 2.5 unapata 480. Gesi ileile yote ikiwa mabonge ya sentimita 5 unabaki na 24. Gesi ni ileile asilimia 20! Ndo maana mtu anayeangalia tu kiasi gani cha gesi kimo ndani anadanganyika.

Namna ya kujua umevuka mpaka: chora grafu, kasi ya gesi upande mmoja, asilimia ya gesi iliyomo ndani upande mwingine. Mwanzo mstari unapanda karibu moja kwa moja, alafu pahali fulani unainama. Pale ulipoinama ndo viputo vilianza kuungana. Asilimia yenyewe unaipata kwa geji mbili za presha kwenye ukuta: zikiwa mita 2 mbali, moja juu ya nyingine, kwa maji matupu tofauti yake ni kilopaskali 19.6, ukisoma 15.7 basi gesi ni asilimia 20. Rahisi, haihitaji kifaa cha ajabu.

Hapa kuna mtego ambao nauona unarudiarudia. Flowmita (kipima mtiririko wa gesi) inasoma mita za ujazo za hali sanifu, nyuzi 0 na presha ya kawaida, alafu mtu anagawa kwa eneo la kolamu anasema niko salama. Chukua kolamu ya kipenyo cha mita 1, inapata mita za ujazo 100 kwa saa kwa hesabu hiyo ya hali sanifu, ukigawa tu hivihivi unapata sentimita 3.5 kwa sekunde, unalala usingizi. Sasa ndani kuna maji ya nyuzi 80 na juu kuna presha ya kawaida. Kwanza gesi inapanuka kwa joto, 100 inakuwa 129. Pili, kiputo kinajaa mvuke wa maji, maana kwenye nyuzi 80 mvuke una presha ya kilopaskali 47 hivi, karibu nusu ya kiputo ni mvuke, kwa hiyo ile 129 inakuwa kama 243. Kasi halisi kule juu ni sentimita 8.6 kwa sekunde. Umeshavuka mpaka zamani na karatasi yako inasema bado. Na ubaya wa pili ni kwamba hiyo nusu ya mvuke imepunguza oksijeni ndani ya kiputo, nguvu ya kuisukuma iingie kwenye kimiminika imeshuka karibu nusu pia. Watu wanapandisha joto ili riaksheni ikimbie alafu wanashangaa imegoma, kumbe wamejaza viputo mvuke.

Dawa hapa ni kupunguza gesi, sio kuongeza, au kupandisha presha ya riakta kama chombo kinaruhusu. Presha inasaidia kweli: gesi inakuwa nzito zaidi, mabonge yanavunjika kirahisi, na ule mpaka unasogea mbele. Usisahau tu kwamba kolamu ya hewa na maji ya presha ya kawaida haikuambii ukweli wote kuhusu kolamu ya presha kubwa.

Gesi imejaa ndani, oksijeni juu inatoka kidogo au ya kati, na bado riaksheni inalia njaa

Hii ni kinyume na inachanganya kichwa. Geji zinasema gesi asilimia 30, unaona tangi limevimba, lakini kazi haiendi. Mara nyingi ni kimiminika kizito chenye mnato, au kuna vitu vya kama sabuni ndani. Viputo vidogo sana vimenaswa vinazunguka tu dakika nyingi, oksijeni yao ilishaisha kitambo, ni mizoga. Vinahesabika kwenye asilimia ya gesi ila havina cha kutoa. Huku gesi mpya inapita na mabonge makubwa ambayo kimiminika kizito kinapenda kuyatengeneza.

Kipimo chake ni kizuri na hakina gharama: funga gesi ghafla uangalie usawa wa kimiminika unavyoshuka. Kwanza utashuka haraka, hayo ni mabonge makubwa yanatoka. Kisha utashuka taratibu, hivyo ni vidogo. Kwenye kolamu ya mita 3 viputo vya kawaida vya sentimita 20 kwa sekunde vinatakiwa viwe vimeisha ndani ya sekunde 15 hivi. Usawa ukiendelea kushuka dakika tano nzima, una mizoga. Ila usifanye hivi kichwakichwa: hakikisha kuna valvu ya kuzuia kimiminika kisirudi kwenye bomba la gesi, kama kuna katalisti ya unga ujue itatua chini na kuziba matundu, na kama riaksheni inatoa joto sana au inategemea gesi kwa usalama usiguse mpaka aliyeisimamia mitambo aseme ndiyo.

Suala la sabuni linahitaji maneno yake. Uchafu kidogo sana wenye tabia ya sabuni unatosha kuvalisha kiputo ngozi ngumu. Kiputo safi uso wake unateleza, kimiminika kinapita juu yake kinajibadilisha, ila chenye ngozi kinakuwa kama kigumu, kinapanda polepole na gesi inatoka kwa shida. Kwa namba, ule uwezo wa gesi kuvuka uso wa kiputo ni mita 0.0003 hadi 0.0004 kwa sekunde kwa viputo vikubwa vinavyoteleza, na unashuka kwenye 0.0001 kwa vidogo vilivyokauka ngozi. Mara tatu mpaka nne hapo zimepotea na hakuna kilichoharibika unachoweza kukishika mkononi. Tafuta mafuta ya kompresa yanayovuja, sabuni ya kusafishia tangi ambayo haikusuuzwa, au malighafi iliyobadilishwa.

Na dawa ya kuua povu ni ndugu yake. Inaua povu kwa kufanya viputo viungane, sasa haiwezi kuchagua iunganishe vya juu tu iache vya ndani. Ukimwaga nyingi, viputo vyote vinakua vikubwa na eneo linapotea. Ukiona riaksheni imeshuka dakika chache tu baada ya mtu kumwaga dawa ya povu, umeshapata jibu, usitafute mbali.

Tangi lina impela, mota imekuwa nyepesi

Amperi za mota zimeshuka, viputo vinaonekana katikati tu karibu na shafti (mhimili unaozungusha impela), pembeni kimiminika kimetulia. Impela imezama kwenye gesi. Kawaida impela ya Rushton (ile ya diski na visu vilivyonyooka) ikipata gesi inapoteza nguvu, hata nusu na zaidi, maana nyuma ya kila kisu kunajikusanya mfuko wa gesi. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni gesi kushinda kabisa impela ikapanda wima bila kutawanywa.

Hapa watu wanabishana sana lakini hesabu inaongea yenyewe. Kwa Rushton, kiwango cha gesi ambacho impela inaweza kubeba kabla haijazama kinaenda na mzunguko ukipandishwa kwa kipeo cha tatu. Ukipunguza mzunguko nusu ili kuokoa umeme, uwezo wa kubeba gesi unashuka mara 8. Mfano impela ya nusu mita kwenye tangi la mita 1.5, gesi lita 30 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 180 kwa dakika ipo salama mbali sana na mpaka. Ukishusha mpaka 90 imezama. Mtu kapunguza inveta (kifaa cha kurekebisha mzunguko wa mota) kidogo, kesho yake uzalishaji umekufa, alafu anaongeza gesi! Yaani anaizamisha zaidi.

Suluhisho: rudisha mzunguko au punguza gesi, mojawapo. Kama huwezi vyote, badilisha impela kwenda ya visu vilivyopinda kama nusu bomba, hizo hazitengenezi mifuko mikubwa na hazipotezi nguvu nyingi. Ila zingatia mota: gesi ikikatika ghafla mzigo unapanda papohapo, na mota iliyochaguliwa kwa mzigo wa wakati wa gesi tu itatripu, yaani itajizima.

Viputo upande mmoja, au vinatoka kwa kushtukashtuka

Shida iko chini kwenye kitoa gesi, ile sahani au bomba lenye matundu. Angalia presha kabla ya matundu kwa mtiririko uleule uliouzoea. Imepanda? Yameziba. Presha inaenda na kipeo cha pili cha mtiririko kwa hiyo nusu ya matundu yakiziba, tofauti ya presha inakuwa mara 4, huwezi kukosa kuiona. Imeshuka? Matundu yameliwa na kutu yakapanuka, au bomba limepasuka, au sahani imelegea kwenye boliti na gesi inapenya pembeni.

Kama presha ni ya kawaida na bado upande mmoja tu unachemka, angalia kama sahani imelala sawa. Kwa hewa ya presha ya kawaida na matundu ya milimita 1, gesi inatakiwa ipite kwenye tundu kwa kama mita 11 kwa sekunde ili kimiminika kisidondoke kurudi chini. Kwa kasi hiyo tofauti ya presha kwenye tundu ni paskali 200 hivi tu. Sasa sahani ikiinama sentimita 1, maji peke yake yanaleta tofauti ya paskali 98 kati ya upande na upande. Karibu nusu ya yote! Gesi itachagua upande wa juu. Kwa hiyo matundu mengi kupita kiasi ni kosa, kila tundu linapata gesi kidogo, kasi inashuka, kimiminika kinaingia, unga unaingia nao, unakauka, matundu yanaziba. Lita 10 za hewa kwa sekunde zinatosha matundu 1,160 hivi ya milimita 1, ukitoboa 3,000 ukidhani unafanya vizuri umejitafutia kazi ya kuzibua.

Na usitegemee matundu madogo yatakupa viputo vidogo milele. Gesi ikiwa kidogo, ukubwa wa kiputo unaenda na kipeuo cha tatu cha tundu: tundu la milimita 1 kwenye maji linatoa kiputo cha milimita 3.5, la milimita 2 linatoa cha 4.5. Tundu mara mbili, kiputo kimeongezeka robo tu. Alafu kwenye kimiminika safi kinachoruhusu kuungana, viputo vikishapanda kidogo vinasahau vilitoka wapi, saizi inaamuliwa na msukosuko wa kolamu. Sijaona sababu ya kununua kitoa gesi cha bei kwa kimiminika cha namna hiyo. Chenye chumvi au alkoholi ni tofauti, vile vinazuia viputo kuungana, hapo kitoa gesi kizuri kinalipa.

Maabara ilikuwa poa, kiwandani hovyo

Harakaharaka hapa. Kolamu nyembamba chini ya sentimita 15 inaweza kujaza kiputo kimoja upana mzima, kinasukuma kimiminika juu kama pistoni na kolamu inatikisika, hiyo tabia kiwandani haipo kwa hiyo data yake haihamishiki. Maji ya bomba ya maabara na kimiminika chenye chumvi cha kiwandani haviunganishi viputo sawa. Na urefu: kwenye mita 10 za maji presha chini ni kama mara mbili ya juu, kiputo kikifika juu ujazo wake umekuwa mara mbili (kama hakuna kilichoyeyuka), kasi ya gesi juu sio ya chini. Kwenye kolamu ndefu pia oksijeni inaisha njiani, kwa hiyo theluthi ya juu inaweza kuwa haifanyi chochote huku chini kuna neema.

Kimiminika kinamwagika juu na transmita inasema usawa uko chini

Transmita (kifaa kinachopima usawa na kutuma namba kwa opereta) ya kupima kwa presha inapima uzito, sio urefu. Ukiingiza gesi asilimia 25, kimiminika kilichosimama mita 3 kinavimba mpaka mita 4 na transmita bado inasoma 3. Opereta anaongeza malighafi kwa amani, kinaishia kwenye bomba la gesi ya kutoka. Weka kengele ya usawa wa juu inayogusa kimiminika chenyewe au ujue asilimia ya gesi uirekebishe kwenye hesabu. Alafu tofautisha kuvimba na povu: kuvimba kunaisha sekunde chache ukipunguza gesi, povu linabaki limekaa juu. Povu linataka dawa kidogokidogo au kupunguza kasi ya gesi au kurushia kimiminika juu yake, kuvimba kunataka nafasi zaidi ya juu na sio dawa yoyote.

Pampu ya kuzungusha ikianza kelele za mchanga wakati hakuna mchanga, inavuta viputo. Kiputo cha milimita 1 kwenye maji yenye uchafu wa kawaida kinapanda kama sentimita 10 kwa sekunde, kwa hiyo bomba linaloshusha kimiminika kwa 20 linakiburuta tu. Panua eneo la kutulia kabla ya bomba, kasi ya kushuka iwe chini ya hapo.

Na kwa wanaooksidisha (wanaounganisha na oksijeni) kitu kinachowaka: namba ya oksijeni inayotoka juu kwako sio ya uzalishaji tu. Riaksheni ikizima ghafla, viputo vinaendelea kupanda na oksijeni yote inahamia kwenye nafasi ya juu ambako kuna mvuke wa kimiminika cha kuyeyushia. Hapo hakuna kutafuta dalili wala chanzo, hewa inakatwa, naitrojeni inaingia, uchunguzi baadaye. Kikomo cha oksijeni na hatua ya kukata hewa viwe vya mashine yenyewe, visisubiri mtu asome skrini.